Maradhi ya ngano: siku tuliyokula sambusa kwa haya

LONDON – Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 2019, mashariki mwa jiji la London, nyumbani kwa bibi mmoja wa Kizanzibari ambaye mlango wake haujawahi kufungwa mbele ya mgeni. Sisi tulioacha wazee wetu nyumbani tunamwita Bi Mkubwa, naye hutwita wanawe. Adhana ilisikika kwenye simu, tukafungua kwa tende, tukasali, tukarudi kwenye busati. Sambusa zilikuwa zimepangwa mpaka zinakaribia kuanguka, na pembeni yake katlesi, kaimati zilizoroweshwa shira, bakuli la shurba na birika la chai ya maziwa.

Wenzetu wakanyoosha mikono. Sisi tukachukua tende ya nne.

"Mbona huli, mwanangu?" akauliza Bi Mkubwa.

Tukamjibu kuwa tumeshiba. Lilikuwa jibu la kuchekesha, maana nani anayeshiba kwa tende tatu baada ya kufunga zaidi ya saa 17? Alitutazama kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini iliyotuuma kuliko kama angelifoka: "Au chakula cha Bi Mkubwa hakikupendezi tena siku hizi?"

Tukala sambusa mbili.

Tulikuwa tunajua tunachokifanya. Miezi mitatu kabla ya siku ile daktari alikuwa ametwambia wazi kuwa tuna maradhi yaitwayo siliaki, na kwamba ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai hazitakiwi kuingia tumboni mwetu tena mpaka tunaingia kaburini. Lakini baina ya amri ya daktari na uso wa mama wa makamo aliyesimama jikoni tangu adhuhuri, tuliona haya kuliko tulivyoogopa.

Usiku ule hatukulala. Tulitapika mpaka hakikubaki kitu cha kutapika, na asubuhi hatukuweza kusimama. Na asubuhi hiyo ndiyo tuliyokuwa tumeahidi kwenda mahakamani kumtolea ushahidi mwandishi mwenzetu aliyeomba hifadhi, kwamba tunamjua, tulifanya naye kazi, na anayoyasema yalimkuta kweli. Alikaa kwenye benchi akiangalia mlango. Kesi ikaahirishwa, na akaongezewa miezi ya kulala bila ya kujua kama atabaki au atarudishwa. Yeye alitusamehe siku ile ile. Sisi tulichukua muda zaidi kujisamehe.

Tunayaandika haya kwa sababu tunaamini hatuko peke yetu. Wako wasomaji wetu, Birmingham na Muscat, Toronto na Chake Chake, wanaoumwa kila wanapokula na wanaona haya kusema.

Si mzio, si maringo, si uchawi

Kwanza tuyatenganishe mambo matatu ambayo watu huyachanganya.

Liko jambo liitwalo mzio. Huyu ni mtu ambaye akila karanga, ufuta au samaki wa magamba, mwili wake hupandwa na ghadhabu papo kwa papo: midomo huvimba, koo hubana, pumzi hukatika. Mzio mkali unaweza kuua kwa dakika chache, na mtu wa namna hii hutembea na sindano yake mfukoni.

Liko jambo la pili, nalo ni tumbo kutokuvumilia kitu fulani. Mfano mkubwa ni sukari ya maziwa iitwayo laktosi. Anayehusika na hili hujaa gesi, husokotwa na tumbo, huharisha, lakini hafi kwa gilasi ya maziwa.

La tatu ni siliaki, na hili halimo katika hayo mawili. Ndani ya ngano, shayiri na rai mna protini iitwayo gluteni, ndiyo inayoufanya unga wa chapati uvutike bila ya kukatika. Kwa mwenye siliaki, gluteni ikifika katika utumbo mwembamba, kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe. Ukuta wa utumbo una vijidole vidogo mno ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula. Vijidole hivyo hulala, hupungua, mwisho hutoweka. Mtu anakula na haneemeki. Damu hupungua kwa kukosa madini ya chuma, mifupa hudhoofika, mtoto hadumu katika kimo chake, na wako wanawake wanaotaabika kupata ujauzito bila ya kujua sababu. Wengine hawaumwi tumbo hata siku moja, bali hutokwa na vipele vyenye muwasho mkali viwikoni na magotini.

Hapa Uingereza inakadiriwa kuwa mtu 1 katika kila 100 ana maradhi haya, na wengi wao hawajijui. Ni maradhi yanayokwenda na damu: akiwa nayo mzazi, ndugu au mtoto wako, uwezekano wa kuwa nayo na wewe ni kiasi cha 1 katika 10. Wala si maradhi ya Wazungu peke yao. Mwaka 1999 ulichapishwa uchunguzi wa watoto wa Saharawi, wakimbizi wa Sahara Magharibi, na ikaonekana kuwa zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wana siliaki, kiwango kikubwa kupita kilichowahi kuonekana Ulaya. Ni watu wa jangwani, Waafrika wenzetu, ambao ukimbizi umewafanya waishi kwa mgao, na unga wa ngano umo katika mgao huo.

Sisi wenyewe tulihangaika takriban miaka mitatu. Tulipofika nchi hii mwaka 2016 tulikuwa na mkoba mmoja na hatuna kazi, na chakula cha asiye na kazi hapa ni mkate. Mkate asubuhi, mkate mchana, tambi usiku. Tukakonda mpaka suruali zikashikwa na kamba. Daktari wa kwanza alisema ni mawazo ya ukimbizi, na kusema kweli mawazo tulikuwa nayo. Nyumbani wakasema tumerogwa, na wakataja mpaka jina la aliyetuloga. Wa tatu, rafiki yetu, akasema tuache mkate. Tukauacha, tukapata nafuu, na hapo ndipo tulipofanya kosa kubwa.

Kosa lenyewe ni hili. Kipimo cha kwanza cha siliaki ni cha damu, nacho hutafuta askari ambao mwili wa mwenye siliaki huwatengeneza gluteni inapoliwa. Ukiacha ngano, askari hao hupungua, na kipimo kinaweza kusema huna kitu. Ndivyo ilivyotutokea. Ilibidi turudi kula ngano, katika mlo zaidi ya mmoja kila siku, kwa wiki 6, huku tunajua tunachojilisha, ndipo damu ikapimwa tena. Baadaye tukatiwa mpira wenye kamera kwa njia ya mdomo, vikachukuliwa vipande vidogo vya utumbo, na jibu likatoka. Kwa hiyo msomaji, ukiwa na shaka, usiache ngano kwanza. Kapime kwanza.

Ndizi za New York na njaa ya Uholanzi

Inashangaza kuwa siri hii imejulikana juzi tu. Mwaka 1887, katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street hapa London, daktari Samuel Gee aliyaeleza maradhi haya kwa ufasaha na akasema kuwa kama yana dawa basi dawa hiyo itakuwa ni chakula. Chakula gani, hakujua.

Mwaka 1924 daktari wa New York, Sidney Haas, alichapisha habari za kuwalisha watoto wagonjwa ndizi. Naam, ndizi. Aliwakataza mkate na vyakula vya unga akawapa ndizi, na watoto waliokuwa wanakaribia kufa wakanawiri. Haas akaamini kuwa ndizi ndiyo dawa. Kumbe watoto hawakupona kwa walichopewa, walipona kwa walichonyimwa.

Aliyekifungua kitendawili ni Mholanzi Willem Dicke, daktari wa watoto mjini The Hague. Tangu miaka ya 1930 alikuwa akiishuku ngano. Katika majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, Wajerumani walizuia chakula kisifike magharibi mwa Uholanzi. Watu walikula vitunguu vya maua, na kiasi cha watu 20,000 walikufa. Katika msiba huo Dicke aliona ajabu: watoto wake wa siliaki, badala ya kuzidiwa, walipata nafuu, kwa kuwa mkate haukuwepo. Ngano iliporudi, maradhi yakarudi. Mwaka 1950 akayaandika yote katika tasnifu yake, na mpaka leo hakuna dawa nyengine iliyopatikana ya kuchukua nafasi yake. Dawa ni kuacha, na kuacha ni kwa maisha.

Jikoni na dukani

Kuacha kwenyewe si kusukuma pembeni kipande cha mkate. Chakula kinachoruhusiwa kuitwa kisicho na gluteni hakitakiwi kuzidi miligramu 20 za gluteni katika kilo nzima. Hicho ni kiasi ambacho jicho halikioni. Kijiko kilichokoroga shurba kikiingia katika mchuzi wetu, kimeuharibu. Mafuta yaliyokaangiwa sambusa hayafai tena kukaangia muhogo wetu. Kibao cha chapati, chekecheke la unga, kichanio cha mkate, vyote hivi huhifadhi vumbi la ngano hata vikioshwa. Katika nyumba tunayoishi na wenzetu wawili tuna sufuria yetu, mwiko wetu na kabati letu lenye utepe mwekundu, na ilituchukua muda wenzetu kuelewa kuwa si uchoyo.

Halafu kuna ngano iliyojificha. Sosi ya soya hutengenezwa kwa soya na ngano. Baadhi ya vidonge vya supu na viungo vya kupakti vimetiwa unga. Soseji hujazwa makombo ya mkate. Vile vinywaji vya kimea visivyo na ulevi, vinavyopendwa sana wakati wa kufuturu, kimea chake ni cha shayiri. Na urojo wetu, fahari ya Forodhani, uzito wake unatokana na unga wa ngano.

Kwa upande wa sheria, nchi hizi zimetusaidia. Tangu Disemba 2014, vyakula vya paketi katika Umoja wa Ulaya, na Uingereza ilikuwa bado mwanachama, vinalazimika kuvionyesha wazi vitu 14 vinavyodhuru watu, ikiwemo ngano, maziwa, karanga na ufuta. Lakini sheria huja na kaburi lake. Mwaka 2016 msichana wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alikufa baada ya kula mkate uliokuwa na ufuta ambao haukuandikwa popote kwenye karatasi yake, kwa sababu vyakula vilivyofungwa dukani hapo hapo havikulazimika kuandikwa vilivyomo. Wazazi wake walipigana, na tangu tarehe 1 Oktoba 2021 sheria inayojulikana kwa jina lake imeuziba mwanya huo. Kila tunaposoma herufi nene nyuma ya paketi, tunamkumbuka mtoto yule.

Gharama nayo ni jengine. Mkate usio na gluteni ni mdogo, mkavu, na bei yake ni mara kadhaa ya mkate wa kawaida. Zamani madaktari wa England waliweza kuwaandikia wagonjwa vyakula vingi vya namna hii. Tangu Disemba 2018 wanaruhusiwa kuandika mikate na michanganyiko ya unga tu, na yapo maeneo yaliyosita hata hivyo. Mwenye kipato kidogo ajipange.

Meza ya pwani kabla ya boflo

Hapa ndipo tulipogundua utajiri tuliokuwa tumeukalia. Mwezi wa kwanza tulizunguka madukani tukitafuta mkate wa bandia, biskuti za bandia, tambi za bandia, tukilipa pesa nyingi kwa kitu chenye ladha ya boksi. Siku moja tukajiuliza: mababu zetu walikula nini kabla ya meli kuleta magunia ya unga mweupe?

Walikula wali. Walikula muhogo wa nazi, ndizi mbichi, viazi vitamu, majimbi, mbaazi, kunde na choroko. Walikula ugali wa mtama na bada la muhogo kwa samaki wa kukaanga. Hakuna hata kimoja katika hivyo chenye gluteni. Hata neno letu "mkate" halikufungwa na ngano. Mkate wa kumimina ni wa mchele, nazi na iliki. Mkate wa mofa asili yake ni mtama, ingawa siku hizi wako wanaouchanganya, na kuuliza ni wajibu. Vitumbua ni mchele, vibibi ni mchele. Bajia ni za kunde au dengu, madhali mpishi hakuongeza unga wa ngano ili zishikane. Halwa hupikwa kwa wanga, kwa hiyo muulize aliyeipika wanga wake ni wa kitu gani. Wenzetu wa bara wana ugali wa mahindi na uji wa ulezi, na wa Bukoba wana matoke yao ambayo daktari Haas angeliyafurahia sana.

Kilichobadilika ni karamu. Ngano ilikuwa ghali, ikawa chakula cha heshima, na chakula cha heshima ndicho kinachowekwa mbele ya mgeni: chapati, sambusa, bokoboko, tambi za Idi. Muhogo tukauachia asubuhi ya siku ya shida. Ndio maana mwenye siliaki hapati tabu nyumbani kwake. Anapata tabu anapoheshimiwa.

Na maziwa?

Daktari alitukataza na maziwa pia kwa muda, kwani utumbo ulioumia hushindwa kutoa kimeng'enya kinachovunja laktosi. Utumbo ukipona, kimeng'enya nacho huweza kurudi, na kwetu kilirudi baada ya mwaka. Sasa tunakunywa chai ya maziwa, taratibu.

Lakini wapo wasioyavumilia maziwa kwa maumbile, na hao ndio wengi. Inakadiriwa theluthi mbili ya watu wazima duniani uwezo wao wa kusaga laktosi hupungua baada ya utoto. Kwa hiyo anayekunywa maziwa ukubwani bila ya tabu ndiye aliyepata bahati. Na bahati hiyo haikuanzia Ulaya pekee. Utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff, uliochapishwa mwaka 2007, ulichunguza watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, ukaonyesha kuwa wafugaji wa Afrika Mashariki waliupata uwezo huo kwa mabadiliko ya vinasaba yaliyo mbali na yale ya Wazungu. Kwa hiyo Mmasai na Mholanzi wote wanakunywa maziwa, lakini kila mmoja alikuja kwa njia yake. Asiyeyaweza maziwa mabichi, mara nyingi huweza mtindi, kwa kuwa vijidudu vya mtindi vimekwisha kula sehemu ya ile sukari.

Kusema mapema

Turudi kwa Bi Mkubwa. Wiki moja baada ya siku ile ya sambusa tulikwenda kwake mchana, wakati hakuna mgeni, tukamueleza yote: maradhi, matapishi, mahakama. Tulitarajia atasikitika. Alikasirika.

"Miezi mitatu unajua, na unaniachia nikulishe sumu kwa mkono wangu?" alisema. "Mimi nimekuwa nani kwako, hata unifiche? Ungelisema, mwanangu. Mgeni asiyesema anachoumwa anamdhulumu mwenyeji wake."

Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatuna. Sisi tulidhani tunamstahi, kumbe tulimnyima nafasi ya kutukirimu. Katika mila zetu kukataa sahani ni kumkataa mtu, hilo ni kweli. Lakini sahani hukataliwa vibaya pale inapokataliwa mlangoni, mbele ya watu, bila ya sababu. Ikisemwa siku mbili kabla, kwa simu, kwa heshima, haiwi tena kukataa. Inakuwa ni kuomba, na hakuna mama wa pwani asiyependa kuombwa chakula.

Kwa hiyo kwa wenye tabu kama yetu, tunasema: semeni mapema, semeni wazi, taja na vyakula unavyoweza, usitaje vile usivyoweza peke yake. Kwenye shughuli kubwa chukua chakula chako na uombe kupakua mwanzo, kabla ya miiko haijachanganyika. Na usiseme "kidogo hakidhuru," kwa sababu kinadhuru.

Na kwa wenyeji, tunaomba mambo mawili. Mgeni akisema hawezi, msimlazimishe kwa kumwambia "onja tu." Na kijana wenu anayekonda, anayeishiwa damu kila mara, anayeshikwa na tumbo kila anapokula, msikimbilie kumtafuta aliyemroga kabla hamjampeleka kupimwa.

Ramadhani iliyofuata, ya mwaka 2020, milango yote ya London ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona, na hakuna aliyekwenda kufuturu kwa mwenziwe. Siku ya tatu kengele ikalia. Tulipofungua, hapakuwa na mtu, ila kwenye ngazi palikuwa na mkate wa kumimina ndani ya sinia mpya ambayo bado ina kibandiko cha dukani. Simu ikaita kabla hatujainama kuuchukua.

"Mchele nimeusaga mwenyewe," alisema Bi Mkubwa kutoka upande wa pili wa barabara, ambako tulimuona amesimama na barakoa yake. "Chekecheke jipya, mwiko mpya. Uliza unachotaka kuuliza kabla hujala."

Tukauliza kama hamira aliisoma paketi yake. Akacheka, akasema ameisoma mara mbili, na mara ya tatu alimsomesha mjukuu wake.

Ndipo tukafuturu. Na yule mwenzetu wa mahakamani, ambaye kesi yake ilisikilizwa mwishoni mwa mwaka 2019 na sisi tukiwepo, tulimkatia kipande tukampelekea.